Wakuu, neno "samaṇa" la Kipali asili yake ni ipi, na kwenye kamusi ya Kiswahili tuliwekeje?

Mhariri_Msaidizi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naandaa vitomeo (maneno na maelezo yake) vya kamusi ndogo ya istilahi za dini za dunia, walengwa ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Kidahizo (neno linaloelezwa) kinachonikwamisha ni samaṇa, neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, wanaloitwa watu wa India ya kale walioacha nyumba, ukoo na mali wakashika maisha ya kiroho.

Kwanza asili. Chanzo kimoja kinasema neno limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kutulia, kingine kinasema kujitaabisha mpaka kuchoka. Hayo mawili hayapikiki chungu kimoja, na nafasi ya etimolojia ni mstari mmoja tu.

Halafu samaṇa anatofautianaje na bhikkhu, paribbājaka na tāpasa? Tafsiri nyingi zinawaita wote "mtawa".

Mwisho, kwa Kiswahili tuweke nini: mtawa, zahidi, fakiri, au tuliache neno lenyewe? Na wingi wake uweje? Kitomeo kisizidi maneno 120, kwa hiyo nahitaji kujua lipi ni la lazima na lipi liachwe. Mifano ya maandiko ikiwepo nitashukuru zaidi.

MziziNaShina

Mkuu karibu. Asili ya kihistoria ni moja tu: mzizi wa Kisanskriti śram, kujitaabisha, kufanya juhudi mpaka mwili uchoke. Kisanskriti ni śramaṇa, Kipali samaṇa. Njia ya kutoka huko kuja huku ni ya kawaida kabisa. Kipali hakina ś wala ṣ. Vikwamizo vyote vitatu vya Kisanskriti (ś, ṣ na s) vimeangukia kwenye s moja. Na śr- mwanzoni mwa neno hupoteza r yake. Ndiyo maana śraddhā (imani) ni saddhā, śrāvaka (msikilizaji, mwanafunzi) ni sāvaka, śruta (kilichosikiwa) ni suta. Samaṇa amepita mlango huohuo.

Mzizi huu una ndugu wengine humohumo kwenye Kipali, na ukiwaona utaamini. Assama ni makao ya wacha Mungu msituni, Kisanskriti āśrama. Parissama ni uchovu. Vissamati ni kupumzika. Hata leo Mgujarati au Mhindi akisema pariśram anamaanisha kazi ngumu, jasho.

Sasa hiyo "kutulia" imetoka wapi? Ni mzizi mwingine, śam, na imeingia kwa sababu maandiko yenyewe yanaufundisha. Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, beti za 264 na 265 zinasema hivi, kwa tafsiri ya karibu:

"Si kunyoa kichwa kunakomfanya mtu samana, ikiwa hana nidhamu na asema uongo. Aliyejaa tamaa na uchu atakuwaje samana?
Bali ayatulizaye maovu, madogo kwa makubwa, yote pia, huyo kwa kuwa maovu yake yametulia ndiye aitwaye samana."

Mstari wa mwisho kwa Kipali ni samitattā hi pāpānaṃ samaṇo ti pavuccati. Samita ni "kilichotulizwa", kutoka śam. Mwalimu anashika neno ambalo watu wote wanalijua, anaonyesha sauti yake inafanana na neno la wema anaotaka kuufundisha, na kwa kufanya hivyo anamwambia msikilizaji samana wa kweli ni nani. Kazi hiyo ilikuwa na jina lake, nirutti, na ilikuwa elimu yenye heshima. Haikudai kuwa historia ya neno kwa maana tunayoitaka leo kwenye kamusi.

Ilifanya kazi vizuri kwa sababu ndani ya Kipali mizizi hiyo miwili ilikuwa imeshagongana masikioni. Tazama: Kisanskriti śrānta (aliyechoka) na śānta (aliyetulia) ni maneno mawili mbalimbali. Kipali yote mawili ni santa. Asiyejua Kisanskriti hana namna ya kuyatenganisha isipokuwa kwa muktadha.

Na mchezo huo haupo hapo tu. Dhammapada 388 inasema bāhitapāpo ti brāhmaṇo, samacariyā samaṇo ti vuccati: aliyeyatupa nje maovu ndiye brahmani (mtu wa tabaka la makuhani), mwenye mwenendo mtulivu ndiye samana. Hakuna mtaalamu atakayekuambia brāhmaṇa ametokana na bāhita, "kilichotupwa nje". Basi kipimo hichohicho kitumike kwa samaṇa.

Kwa hiyo kwenye mabano ya etimolojia andika śram peke yake. Maelezo ya "aliyetuliza" yasitupwe, maana Mbudha anapolitamka neno hilo ndiyo maana aliyonayo moyoni, ila yakae kwenye maelezo ya matumizi, na namba ya beti itajwe.

Kuna kithibitisho kingine ndani ya neno lenyewe: ile ṇ yenye nukta chini. Kwa Kisanskriti n hugeuka ṇ ikiwa nyuma yake ndani ya neno kuna r, ṛ au ṣ, na katikati hakuna konsonanti ya kuzuia. Irabu hazizuii, wala konsonanti za midomo kama m. Śramaṇa ina r, kisha a-m-a, kisha ṇ: kanuni imetimia. Kutoka śam ungepata śamana, na kweli neno hilo lipo, maana yake kutuliza, na n yake ni ya kawaida. Linganisha karaṇa (kufanya, lina r) na gamana (kwenda, halina r).

Kaskazi_Kusi

Nakubaliana na Mzizi kwa matokeo, ila hoja ya ṇ naomba isibebeshwe mzigo wote. Kipali kina ṇ ambazo hazikutokana na r yoyote: jñāna (ujuzi) limekuwa ñāṇa, śakuna (ndege) limekuwa sakuṇa. Mtu akikuletea ñāṇa, hoja ya ṇ ya Kipali inalegea. Kinachofunga mjadala ni r yenyewe, na hiyo inaonekana kwa macho kwenye maandishi ya zamani.

Rigveda 10.94 (mkusanyo wa kale wa nyimbo za Kisanskriti), wimbo wa mawe ya kukamulia soma, mmea wa kinywaji cha ibada, unayaita mawe hayo aśramaṇa, "yasiyochoka". Hapo neno bado halijawa jina la watu, lakini maana ya uchovu iko wazi kama mchana. Vitabu vya ibada viitwavyo Brāhmaṇa vinarudiarudia kwamba mungu muumbaji Prajāpati alipotaka kuumba "alijitaabisha, akajichoma kwa tapas", joto la kujihini. Śrama na tapas wanatembea pamoja. Kisha Taittirīya Āraṇyaka 2.7 inawataja ṛṣi (waonaji wa kale) waliokuwa śramaṇa, na Bṛhadāraṇyaka Upaniṣad 4.3.22, inapoeleza usingizi mzito ambamo mtu hana tena cheo wala ukoo, inasema humo baba si baba, mama si mama, mwizi si mwizi, śramaṇa si śramaṇa, tāpasa si tāpasa. Mhariri, ujumbe huo mmoja wa Upaniṣad una faida mbili kwako: unaonyesha neno limekuwa aina ya mtu anayejulikana, na unaonyesha śramaṇa na tāpasa wanatajwa mbalimbali.

Halafu maandishi ya mawe ya mfalme Ashoka, karne ya 3 KK. Amri zilezile zilichongwa sehemu mbalimbali kwa lahaja za huko, kwa hiyo unaweza kuziweka ubavuni na kusikiliza. Shahbazgarhi, kaskazini-magharibi, Pakistan ya leo: śramaṇa, r ipo. Girnar, Gujarat: samaṇa (ingawa sramaṇa nayo inaonekana), r inaondoka, ṇ imebaki. Kalsi, chini ya milima ya Himalaya: samana, hata ṇ imekwenda. Mfalme mmoja, amri moja, matamshi matatu.

Wagiriki nao walilisikia. Megasthenes, aliyekuwa mjumbe kwenye baraza la mfalme Chandragupta huko Pāṭaliputra mnamo mwaka 300 KK, aliwagawa wenye hekima wa India mafungu mawili, Brachmanes na Sarmanes. Nakala za Strabo, mwandishi wa Kigiriki aliyemnukuu, zina Garmanes, herufi ya kwanza ikiwa imeharibika kwa wanakili. Lakini r hiyo ya Sarmanes inatuambia aliyemtajia neno alikuwa bado anaitamka.

Mhariri_Msaidizi

Asanteni sana wakuu. Etimolojia imenikaa. Nipeni sasa habari za nani hasa aliitwa samaṇa. Je, ni Wabudha tu?

Jirani_wa_Mbodhi

Hapana, na hapa ndipo vitomeo vingi vinapopotoka. Samaṇa ni jina la jumla la wote walioacha nyumba na kutafuta ukombozi kwa njia yao, bila kujali mwalimu wao. Soma Sāmaññaphala Sutta, ya pili katika Dīgha Nikāya, mkusanyo wa hotuba ndefu za Buddha. Mfalme Ajātasattu wa Magadha anataka kumtembelea samana au brahmani atakayemtuliza moyo, na mawaziri wake wanamtajia viongozi sita: Pūraṇa Kassapa, Makkhali Gosāla, Ajita Kesakambalī, Pakudha Kaccāyana, Sañjaya Belaṭṭhaputta na Nigaṇṭha Nāṭaputta. Huyo wa mwisho ndiye Mahāvīra wa Wajaini. Makkhali Gosāla ni wa kundi jingine, Waājīvaka. Ajita anakana kabisa kwamba kuna maisha baada ya kifo. Hakuna kati yao aliye mfuasi wa Buddha, na bado wako kwenye kundi hilo.

Buddha mwenyewe aliitwa samaṇo Gotamo, na angalia ni nani aliyemwita hivyo: mabrahmani, wafalme, wafuasi wa walimu wengine. Wanafunzi wake walimwita bhagavā (mwenye heri), na wakimwelekea usoni bhante (mheshimiwa). Kwa anayetafsiri hili ni la kuzingatia. Brahmani akisema "samana Gotama amefika kijijini", usimwekee mdomoni "Buddha Mwenye Heri". Umeshamsilimisha kabla hajafika kwenye mazungumzo.

Neno lilikuwa na heshima, ila lilibebeka pia kwa matusi. Katika Vasala Sutta ya Suttanipāta, brahmani anayetunza moto wake anamwona Buddha anakuja na bakuli la sadaka, anampigia kelele: papo hapo wewe muṇḍaka (kipara), papo hapo wewe samaṇaka, simama! Hiyo -ka ni ya kudunisha, kama Kiswahili tunavyosema "kijitu". Mfasiri akiandika "simama ewe samana" ameipoteza dharau yote. "Kisamana wewe" inakaribia.

Sasa tofauti ulizouliza:

Bhikkhu anatokana na kuomba sadaka (Kisanskriti bhikṣ). Kwenye maandiko ya Kipali ni jina la ndani, mwanachama wa saṅgha (jumuiya ya watawa) aliyepokea upasampadā (kuingia kamili) na kushika kanuni za Vinaya. Kila bhikkhu ni samana. Si kila samana ni bhikkhu.

Paribbājaka ni mzungukaji, pari + vraj, anayekwenda huku na huko akijadiliana na watu. Kwa kawaida maandiko yanalitumia kwa wasio Wabudha.

Tāpasa ametokana na tapas, joto la kujihini na kujitesa. Huyu mara nyingi ana makao msituni na moto wake, na anaweza kuwa brahmani kabisa. Jamaa zake ni jaṭila, wenye nywele zilizosokotana, kama akina Kassapa watatu wa Uruvelā.

Pabbajita ni "aliyetoka", yaani aliyetoka nyumbani. Hilo linataja tendo la kuondoka, samaṇa linataja maisha anayoishi baada ya hapo.

Na usisahau neno ambatani samaṇabrāhmaṇā. Kipali kimelijaza kila mahali, na maana yake ni "masamana na mabrahmani", makundi mawili. Si "masamana wa Kibrahmani". Mnahau Patañjali, karne ya 2 KK, analitumia neno hilo hilo, śramaṇabrāhmaṇam, kama mfano wa maneno ambatani ya wale ambao uadui wao ni wa kudumu.

Kaskazi_Kusi

Nyongeza kwa Jirani. Wajaini wamelitunza neno hili kwa nguvu kuliko watu wengi wanavyojua. Mahāvīra kwenye maandiko yao ni samaṇe bhagavaṃ mahāvīre. Na wao pia wana ufafanuzi wao wa kimafundisho: Uttarādhyayana, sura ya 25, inasema mtu huwa samaṇa kwa samayā, usawa wa moyo. Yaani sama ya tatu hiyo! Śram kujitaabisha, śam kutulia, sama sawasawa. Kwa lahaja za wakati huo zote zilisikika karibu sana, kila mwalimu akachota anachohitaji.

Jamii ya Wajaini iko Nairobi na Mombasa kwa vizazi vingi, Waoshwal hasa, kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya anaweza kulisikia neno shraman kwa jirani yake. Tawi la Terāpanth lilianzisha mwaka 1980, chini ya Acharya Tulsi, daraja la samaṇ na samaṇī. Watawa kamili wa Kijaini hutembea kwa miguu tu, hawapandi chombo. Wa daraja hili wameruhusiwa vyombo vya usafiri, na ndio wanaokwenda nchi za nje kufundisha. Neno si la makumbusho.

Bi_Nahau

Assalamu alaykum wanangu. Mengi ya Kihindi mmeyasema, niacheni niingie kwenye Kiswahili.

"Mtawa" ametokana na kutawa, na kutawa ni kukaa ndani, kujifungia, usionekane na watu. Samana wa zamani amefanya kinyume chake: ametoka ndani, hana nyumba, analala chini ya mti, kila asubuhi yuko mlangoni kwa watu na bakuli. Miezi mitatu ya mvua tu ndiyo anatulia mahali pamoja. Isitoshe, kwa msomaji wa bara mtawa ni sista au bruda wa Kikatoliki mwenye nyumba ya shirika. Kwa bhikkhu wa leo anayeishi hekaluni, "mtawa wa Kibudha" sina ugomvi nalo, limeshazoeleka. Kwa samana wa wakati wa Buddha linampa msomaji picha isiyokuwapo.

"Fakiri" kwa Kiswahili ni maskini, fukara. Kumwita hivyo samana ni kusema amekosa, na yeye ameacha. Gotama mwenyewe aliacha jumba. Hakufukuzwa na njaa.

"Walii" na "sufii" mziache, hizo ni daraja za dini nyingine zenye maana zao.

"Zahidi" ndilo linalomkaribia. Zahidi ni aliyeipa dunia kisogo kwa hiari, na zuhudi ndiyo hali hiyo. Upungufu wake ni kwamba kwa sikio la mwambao lina harufu ya vitabu vya dini yetu. Dawa ni ndogo: lifuatishe na mahali. "Zahidi wa India ya kale" haliwezi kumchanganya mtu.

Shauri langu: kidahizo kiwe samana, bila nukta, kama tulivyofanya kwa maneno mengine yote yaliyotufikia kwa bahari. Maana ianze na "zahidi". Umbo la Kipali lenye nukta liwe kwenye mabano ya asili.

Wingi: masamana, upatanisho wa a-/wa-. Masamana wale walifika, samana yule aliketi. Tumesema manabii, maimamu, maaskofu, makadhi; huyu naye ana wito wa namna hiyo.

Kaskazi_Kusi

Shikamoo Bi Nahau. Kwa nini isiwe wasamana, kama Wabudha, Wajaini, Wasufii?

Bi_Nahau

Marahaba mwanangu. Hao uliowataja ni watu wa dini au wa njia fulani, na hapo wa- imekaa mahali pake. Samana si dini. Mmesema wenyewe humu kwamba Mjaini ni samana, Mbudha ni samana, na asiyeamini akhera ni samana. Ukiandika Wasamana kwa herufi kubwa, mwanafunzi ataandika kwenye mtihani kwamba kulikuwa na dini ya Usamana. Masamana linamzuia.

Mhariri_Msaidizi

Shikamoo Bi Nahau, na asanteni nyote. Nimeandika rasimu, naomba muipitie bila huruma:

"samana nm [a-/wa-] wingi masamana, kike samani. Zahidi wa India ya kale aliyeacha nyumba na mali, mwenye kuutesa mwili wake ili apate ukombozi. Linatumika kwa Wabudha, Wajaini na wengine. Sāmaṇera: samana mdogo. Sāmañña: hali ya usamana. Kutokana na neno hili watu wa Siberia walipata jina la waganga wao, shaman. [Kipali samaṇa, kutoka Kisanskriti śramaṇa, kutoka śram, kujitaabisha]"

Jirani_wa_Mbodhi

Nianze na "mwenye kuutesa mwili wake". Itoe. Buddha, kwa simulizi la maandiko, alifunga na kujitesa miaka sita, akaona haimfikishi, akaacha. Na baada ya kuacha aliendelea kuitwa samana Gotama mpaka mwisho. Maana yako inamtoa nje samana anayejulikana kuliko wote! Śram ni juhudi. Wengine waliipeleka kwenye mateso ya mwili, wengine kwenye kuuzoeza moyo. Weka "mwenye kujibidisha kutafuta ukombozi" na wote watakuwa ndani.

Sāmaṇera si "samana mdogo" kwa maana ya kimo au umri peke yake. Ni mwanagenzi, mtoto wa samana kwa malezi. Kiambishi -era kinaleta maana ya uzao. Ana amri 10. Upasampadā, yaani kuingia kamili, Vinaya inataka mtu awe ametimiza miaka 20, na miaka hiyo huhesabiwa tangu mimba ilipotungwa, si tangu kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 15 hakupokelewa kuwa sāmaṇera, ila baadaye ikaruhusiwa akiwa na uwezo wa kufukuza kunguru. Rāhula, mwana wa Buddha, ndiye anayehesabiwa wa kwanza. Haya yote hayawezi kuingia kwenye maneno 120, lakini "mwanagenzi mwenye amri 10" yanatosha.

MziziNaShina

Siberia nayo iondoke. Neno la waganga hao limetoka lugha za Kitungusi, na nadharia ya kuliunganisha na samaṇa kupitia Asia ya Kati ni ya zamani, lakini inabishaniwa vikali. Kuna wanaoliona limezaliwa humohumo Kitungusi, kwenye kitenzi cha kujua. Kamusi ya shule isiweke jambo la namna hiyo kama vile limekwisha amuliwa. Ukitaka kuonyesha safari ya neno, una njia iliyo salama: Kichina shāmén (沙門), kutoka lugha za njia ya hariri zilizokuwa zimeshakata mwisho wa neno, na Kijapani shamon kutoka Kichina. Sāmaṇera naye kwa Kichina ni shāmí.

Sāmañña liangalie kwa makini. Yako mawili yanayoandikwa sawasawa. Moja ni śrāmaṇya, usamana, ndilo la Sāmaññaphala, "matunda ya usamana". Jingine ni sāmānya, ujumla, jambo la kawaida kwa wote, na hilo halina uhusiano wowote na śram. Anayetafuta mifano kwenye maandiko kwa kompyuta atayapata yote mawili yamechanganyika, na akinukuu bila kusoma sentensi nzima atachukua lisilohusika. Kwa kamusi yako liache tu.

Bi_Nahau

Na "samani" tafadhali! Kwa Kipali samaṇī ni sahihi kwa mwanamke, sikatai. Kwa Kiswahili samani ni viti, makabati na vitanda, na kwenye kamusi yako zitafuatana mstari kwa mstari. Sema "samana wa kike", basi.

Mhariri_Msaidizi

Nimepokea yote. Toleo la pili:

"samana nm [a-/wa-] wingi masamana. Zahidi wa India ya kale aliyeacha nyumba, ukoo na mali, akaishi kwa sadaka na kujibidisha kutafuta ukombozi. Aghalabu hakufuata mamlaka ya mabrahmani. Walikuwa wa makundi mengi, wakiwemo Wabudha, Wajaini na Waajivaka. Samana Gotama: Buddha, kwa jina alilopewa na wasio wafuasi wake. Masamana na mabrahmani (Kipali samaṇabrāhmaṇā): makundi mawili ya wenye hekima wa India. Sāmaṇera: mwanagenzi wa utawa wa Kibudha mwenye amri 10. Mafundisho ya Kibudha hulifasiri neno hili kuwa 'aliyetuliza maovu' (Dhammapada 265). Tz. bhikkhu. [Kipali samaṇa, kutoka Kisanskriti śramaṇa, mzizi śram, kujitaabisha]"

Swali la mwisho: matamshi, na jinsi ya kuandika hizo nukta. Kwenye simu yangu ṇ haipatikani, na mchapaji anasema kwake zinatoka vijisanduku.

Kaskazi_Kusi

Hilo limekaa vizuri mkuu, peleka.

Matamshi: silabi zote tatu ni fupi, sa-ma-ṇa. Mswahili atavuta ya katikati kwa mazoea, saMAna, na kwa umbo la Kiswahili hiyo ni sahihi. Kwa Kipali mkazo huelemea ya kwanza kwa kuwa ya katikati ni nyepesi. Ṇ hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi juu, iguse kaakaa nyuma ya ufizi. Usiiandike "ny", hiyo ni ñ. Anayetaka kusikia kwa masikio yake, hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka, lina masomo ya Kipali kwenye ibada zake, na Uganda kuna kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda.

Uandishi: ṇ ina namba yake ya Yunikodi, U+1E47. Kwenye kompyuta ya Word andika 1e47 kisha bonyeza Alt na X. ś ni 015b, ā ni 0101, ñ ni 00f1, ṃ ni 1e43. Kwenye simu nakili kutoka uzi huu, uiweke kwenye orodha ya vifupisho vya kibodi. Tatizo linalosumbua watu ni kwamba ṇ inaweza pia kuundwa kwa n ya kawaida ikifuatiwa na nukta ya kupachika, U+0323. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni viwili, na ukitafuta samaṇa kwenye faili nusu ya maneno hayatatokea. Chagua umbo la herufi moja, ubadilishe faili lote kabla ya kupanga alfabeti.

Vijisanduku vya mchapaji vinatokana na fonti isiyo na herufi hizo. Mpe fonti yenye Kilatini cha Ziada, mwambie aibane fonti ndani ya PDF, na atoe ukurasa mmoja wa majaribio wenye ā ī ū ñ ṅ ṃ ṇ ṭ ḍ ḷ ś ṣ ṛ. Ajaribu na italiki pia. Fonti nyingi zina ṇ kwenye maandishi yaliyosimama lakini hazina kwenye italiki, na mabano ya etimolojia mara nyingi ndiyo huchapwa kwa italiki.